Zimwi Linalovizia: Jinsi ya Kulitengeneza kwa Mchezo Wenu, Hatua kwa Hatua

Vijana wanaoanza kusimulia michezo ya mezani, ile ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake, hunipigia simu na swali lile lile: "Kaka, nimeweka zimwi linaloruka kutoka gizani, lakini wachezaji wamekasirika badala ya kuogopa. Nimekosea wapi?" Mwingine anataka kujua zimwi liwe na uhai kiasi gani, yaani zile alama zinazopungua kila linapoumizwa. Mwingine anauliza ni nani arushe dadu kwanza. Nimejibu kwa simu mpaka nimechoka kurudia, basi leo naandika yote mahali pamoja.

Nadhani umekwisha kucheza mara mbili tatu. Unajua kwamba msimulizi anaeleza ulimwengu, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na dadu huamua pale pasipo na uhakika. Kundi letu hukutana Jinja, Uganda, Jumapili jioni. Tunacheza kwa Kiswahili kwa sababu mezani kuna wa Busia, wa Arua na wa Kasese, na hiyo ndiyo lugha ambayo hakuna anayejiona mgeni ndani yake. Mfano nitakaoutumia hapa ni zimwi tulilocheza nalo wenyewe. Jina lake Mkunjamkeka.

Jambo moja nalishikilia kuliko yote: zimwi la kuvizia lazima liweze kugunduliwa. Mchezaji akinaswa, apige paji la uso aseme, "Lo, wale vyura!" Akisema, "Sasa mimi ningejuaje?" kosa ni la msimulizi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi 2 na penseli. Utafuta sana, kwa hiyo kalamu ya wino iweke kando.
- Dadu 2 za ludo. Dadu za pande 20 ni shida kuzipata madukani kwetu, na huzihitaji. Hesabu zote humu zimepigwa kwa dadu 2 za kawaida, zikirushwa pamoja na kujumlishwa.
- Vifuniko vya soda kama 10, vya kuonyesha nani amesimama wapi.
- Orodha ya wahusika wote: uhai wao, silaha zao, na kitu kimoja ambacho kila mmoja anakipenda.
- Mazungumzo na wachezaji wako, siku kadhaa kabla.

Hilo la mwisho usiliruke. Kando ya ziwa letu wapo watu waliozika ndugu zao kwa sababu ya mamba. Usimletee mtu kama huyo taya zinazoibuka majini bila kumuuliza. Uliza wazi: kuna jambo lolote hutaki lije mezani? Akisema lipo, lifute, na usimtake akueleze sababu.

Tena angalia majina. Kwa Kiswahili mamba ni yule mwenye meno. Kwa Kiganda mmamba ni samaki, yule kamongo, naye ni muziro, yaani mnyama wa mwiko, wa ukoo mkubwa wa Buganda. Mwenye meno wao humwita goonya. Siku moja nilisema "mamba anaibuka", nusu ya meza ikaona meno na nusu ikaona samaki. Na kama mchezaji wako ni wa ukoo huo, usimpe kazi ya kumchinja mnyama ambaye kwake ni heshima.

Hatua ya 1: Chora mahali kabla ya zimwi

Wanaoanza karibu wote huanzia kwenye meno na makucha, halafu wanatafuta pa kuliweka zimwi. Geuza. Kiumbe anayevizia hutengenezwa na mahali pake.

Mahali pazuri pana mambo matatu: sababu ya watu kupita pale (kisima, kivuko, mwalo wa wavuvi), kitu kinachoziba macho (majani, maji ya tope, giza la pango), na njia chache za kutokea.

Mimi mahali pangu nilipapata kwenye habari za Aprili 2020. Mwaka ule maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana, na kisiwa kinachoelea, yaani mafunjo na mizizi iliyosukana mpaka mtu anaweza kusimama juu yake, kikasukumwa hadi kwenye bwawa la umeme la Nalubaale hapa Jinja. Umeme ukakatika karibu nchi nzima. Nilikaa gizani nikiwaza: kitu kizima cha kijani kinasafiri peke yake juu ya maji, na hakuna ajuaye chini yake kuna nini. Zimwi langu lilizaliwa usiku huo, na bado lilikuwa halina hata jino moja.

Chora mahali pako kwenye karatasi ya kwanza. Mwalo, mitumbwi, vichanja vya kuanikia mukene (dagaa wa ziwani), na kisiwa cha mafunjo kilichogusa ufuo jana alasiri. Weka vifuniko vya soda ujue hatua ni ngapi kutoka nchi kavu hadi katikati ya kisiwa. Kwetu zilikuwa 12.

Hatua ya 2: Lipe njaa

Jibu maswali mawili kwa maandishi. Siku ambazo wahusika hawapo, zimwi hili hula nini? Na hula kila baada ya muda gani?

Wanyama wanaovizia hawali ovyo. Chatu akimeza swala anaweza kukaa wiki nyingi bila kutafuta kingine. Mkunjamkeka hula kila baada ya siku 20 hivi. Chakula chake cha kawaida ni nzohe, yule swala wa kinamasi, na fisi maji. Maji yalipopanda nzohe wakahama, naye akaanza kufuata harufu ya mwalo.

Usiandike zaidi ya hapo. Nimeona watu wakiandika kurasa 6 za historia ya zimwi ambazo hakuna mchezaji aliyewahi kuzisikia.

Hatua ya 3: Maficho moja, pigo moja

Hapa usibuni kutoka hewani, tazama walio hai. Ugandani tumezungukwa na walimu wa kazi hii.

Mamba ana macho, pua na masikio juu kabisa ya kichwa, kwa hiyo mwili wote unazama na bado anaona, ananusa, anasikia. Yule ndege mkubwa wa kijivu wa kinamasi cha Mabamba, mwenye domo kama kiatu cha mbao, husimama wima bila kutikisika muda mrefu sana, kisha anaanguka na mwili mzima juu ya kamongo. Kifutu hulala kwenye majani makavu ukamkanyaga bila kumwona, na akitaka chura asogee, huucheza ulimi wake polepole kama mdudu. Kinyonga, vunjajungu, buibui: kila mmoja ana ujanja mmoja anaoujua barabara.

Ndiyo maana nasema maficho moja na pigo moja. Zimwi linalojificha majini, kwenye miti na kwenye vivuli, tena lenye sumu, pembe na uchawi, halimtishi mtu. Mchezaji hana cha kujifunza kwake, na asipojifunza hawezi kuogopa sawasawa.

Mkunjamkeka ni bapa. Mwili wake umetandazwa chini ya kisiwa cha mafunjo kama mkeka, upana wa mita 6, umeshikamana na mizizi. Hana macho, anahisi mitikisiko inayoshuka kupitia mizizi. Ukikanyaga katikati, ncha zake hupasua majani pande zote nne kwa mara moja na kukuviringa, kama mama anavyokunja mkeka asubuhi. Hilo ndilo pigo lake, hana lingine.

Hatua ya 4: Lidai bei

Kila kinachovizia kimelipia mahali fulani. Misuli ya mamba inayofunga taya ina nguvu za kutisha, lakini ile inayofungua ni dhaifu, hata kamba ya kawaida humfunga mdomo. Andika bei ya zimwi lako kwa sentensi moja, na bei hiyo itokane na pigo lenyewe.

Nilikaa siku mbili na swali hili, kwa sababu lilikuwa na jingine ndani yake: mchezaji aliyekunjwa atafanya nini? Akikaa tu anasubiri kuokolewa, umemnyima jioni yake. Jibu likaja nilipokunja mkeka halisi. Upande unaokuwa ndani ni ule laini wa juu. Basi Mkunjamkeka akimkunja mtu, mgongo wake mgumu unatazama nje na tumbo lake laini linamgusa aliyenaswa. Mwenye nafasi bora ya kumuumiza ni yule yule aliyemo ndani, akiwa na kisu kifupi.

Ukikumbuka kitu kimoja tu cha kuiba humu, iba hicho: aliyenaswa awe na kazi kubwa kuliko wote.

Hatua ya 5: Panda ishara tatu

Hii ndiyo hatua inayoamua kama wataogopa au watakasirika. Nitakaa hapa kidogo.

Zimwi langu la kwanza la kuvizia halikuwa na ishara hata moja. Liliruka, nikarusha dadu, mhusika wa dada mmoja akafa papo hapo. Alikuwa amemwandikia mhusika wake kurasa 3 kwa mkono: mama yake, kijiji chake, wimbo anaoupenda. Alikaa saa nzima akitazama simu, kisha akaaga mapema. Nilimwomba radhi wiki iliyofuata, na nikajiwekea sharti ambalo sijalivunja: ishara tatu kabla ya pigo, kila moja katika mahali na wakati wake.

Ishara ya kwanza iwe mbali na isiwe na hatari. Mzee mwaloni anasema mbuzi wake wawili walifuata majani mabichi kisiwani, hawakurudi, na wala damu haikuonekana.

Ya pili waione wenyewe, wakiwa bado na nafasi ya kurudi. Kisiwa kizima kina ndege pembezoni, katikati hakuna hata mmoja. Majani ya katikati yamelala yote upande mmoja.

Ya tatu ije pumzi moja kabla ya pigo. Kwetu ilikuwa vyura. Kelele zao zilijaza jioni tangu wahusika waliposhuka mtumbwini, nami nilizitaja kila nilipoeleza chochote: vyura wanalia, vyura bado wanalia. Kisha nikasema, "Vyura wamenyamaza." Nikanyamaza na mimi. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na pale mezani niliona watu watatu wakishika kingo za viti.

Onyo la kwanza: ishara zitolewe bure. Usimrushishe mtu dadu ili asikie vyura. Dadu zikigoma, kazi yako yote imepotea na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kitu.

Onyo la pili: usiwarushishe wote kuona kama zimwi lipo. Hesabu yake ni hii. Ukitaka jumla ya 8 au zaidi, mmoja hufaulu mara 15 katika 36. Unaona kama ni vigumu. Lakini wakirusha wanne, uwezekano kwamba angalau mmoja atafaulu ni karibu asilimia 88. Zimwi lako linalojificha litaonekana karibu kila siku, nawe utabaki unashangaa.

Onyo la tatu: usiitilie ishara mkazo wa sauti kama mtu anayetangaza mauzo sokoni. Itaje pamoja na mambo mengine mawili ya kawaida, kisha endelea.

Hatua ya 6: Weka namba

Nachukulia kwamba wahusika wana uhai 10 kila mmoja, wanajumlisha 1 wanaposhambulia, na silaha inapunguza uhai kwa namba itakayotoka kwenye dadu 1. Kinga ni jumla ambayo anayeshambulia lazima aifikie.

- Uhai wa Mkunjamkeka: 24.
- Kinga ya mgongo: 9. Anayepiga kutoka nje anahitaji dadu zitoe 8 au zaidi.
- Kinga ya tumbo: 6. Aliyemo ndani anahitaji 5 au zaidi, yaani atafaulu mara 5 katika 6.
- Kumkwepa asikukunje: 8 au zaidi. Mchezaji aliyesema kwa kinywa chake kwamba ishara inamtia shaka anajumlisha 2.
- Kubana: aliyekunjwa anapoteza uhai 2 kila raundi.
- Mkunjamkeka akibakiwa na uhai 8 anafungua na kuzama.

Kwa wahusika wanne, mmoja ndani na watatu nje, vita vitachukua raundi 3 hivi, na aliyenaswa atatoka na uhai kama 4. Amechubuka, yu hai, ana hadithi. Wakiwa wawili tu, punguza uhai wa zimwi uwe 16, na afungue akibakiwa na 5.

Onyo: usiongeze madhara ili zimwi "liogopwe". Zimwi la kuvizia linaogopwa kwa sababu ya dakika zile kabla ya pigo. Pigo lenyewe likiua mara moja, umezitupa.

Hatua ya 7: Simulia kunaswa

Eleza kwa mpangilio wa mwili: kwanza mguu unahisi nini, kisha sikio, mwisho jicho. "Chini ya unyayo wako majani yanalegea. Unasikia kitu kinachanika, nyuma, kushoto, kulia. Halafu mbingu inafungwa." Hapo ndipo dadu za kukwepa zirushwe.

Jina la zimwi usilitaje. Wavuvi watalitaja baadaye, wahusika wakirudi mwaloni wakiwa wamelowa.

Baada ya hapo mpe zamu ya kwanza aliyenaswa. Mwambie anachohisi: ngozi laini, ya joto, inapumua. Mkono wake wa kulia una nafasi ya kiganja kimoja. Usimwambie kwamba tumbo ni dhaifu. Aligundue.

Hatua ya 8: Acha mlango

Zimwi linalovizia halipigani mpaka kufa, kwani njaa ya siku 20 haina thamani ya roho yake. Amua mapema litaondoka lini na kwa njia gani.

Hapa mahali ulipopachora hatua ya kwanza patakusaidia. Ziwani kwetu upepo wa mchana huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Kisiwa cha Mkunjamkeka kinafika alasiri, kinakaa jioni, kinaondoka na upepo wa usiku. Wachezaji wakilijua hilo wana la kuamua: wamwache aende akawe shida ya mwalo wa jirani, au wamfuate gizani kwa mitumbwi.

Hatua ya 9: Lijaribu peke yako

Panga vifuniko, rusha dadu, cheza pande zote mbili mara mbili. Dakika 20 zinatosha. Mhusika akifa mara zote mbili, punguza kubana kuwe 1.

Mambo yakikwama

*Wamegundua mapema, hawakanyagi kisiwa kabisa.* Wapongeze, kwa moyo. Wameshinda sehemu ngumu. Usihamishe zimwi ili liwanase kwa nguvu, watajua, na hawatazijali ishara zako tena. Waache wapange wao kumvizia mviziaji. Kikao chetu kizuri kuliko vyote kilikuwa hivyo: walimtupia kondoo aliyekufa katikati ya kisiwa wakasubiri na kulabu za sangara.

*Hawakushtukia ishara hata moja.* Ongeza ya nne, iliyo wazi zaidi: kiatu kimoja cha mtoto kimekwama kwenye mizizi. Wasiposhtuka tena, endelea na pigo. Umetimiza wajibu wako.

*Tangu siku ile wanachunguza kila jani, mchezo hausongi.* Wamejifunza kwamba hatari haina dalili, au wanakuogopa wewe. Waahidi waziwazi: "Pakiwa na kinachovizia, nitawapa ishara." Kisha shika ahadi. Vikao viwili vitatosha kuwatuliza.

*Aliyenaswa ameganda, hajui afanye nini.* Mpe vitu vitatu achague: kisu, kupiga kelele ili wenzake wajue yuko upande gani, au kujilegeza mwili apunguze kubanwa kwa raundi hiyo. Anayeanza akipewa uwanja mtupu huganda, na hilo si kosa lake.

*Mhusika amekufa kweli.* Simama. Mpe mwenye mhusika nafasi ya kueleza mwenyewe dakika ya mwisho, kwa maneno yake. Kabla hamjatawanyika, mwambie aje na mhusika mpya wiki ijayo, na umtajie mahali ambapo huyo mpya atakutana na wenzake, ili arudi nyumbani akiwa na cha kufikiria.

*Wanataka kukichoma kisiwa.* Litatokea, kuna mtu mmoja wa namna hiyo kila mezani. Usikatae. Mafunjo mabichi hayashiki moto upesi, yatatoa moshi mzito kwanza, na zimwi litahisi watu wakikimbia juu yake wakitafuta majani makavu. Yakishika, uliza saa ngapi sasa. Kama ni alasiri, upepo bado unavuma kuelekea mwaloni, na vichanja vya mukene ni vya miti na nyasi kavu.